Naomba ushauri: oili gani inafaa pikipiki ya zamani, klachi isiteleze?

Wakuu, naomba msaada. Pikipiki yangu ni ya zamani, inapoozwa kwa hewa, na klachi inatumia oili ileile ya injini. Tangu fundi abadilishe oili, nikipanda mlima na gia ya nne injini inavuma tu, mwendo hauongezeki. Waya wa klachi nimeukagua, una ulegevu wake wa kawaida. Oili yenyewe ni ya magari, uzito wa 5W-30 (nyepesi), na nyingi za aina hiyo zina kemikali za kupunguza msuguano, ndizo ninazozishuku. Nafikiria 20W-50 (nzito zaidi) isiyo ya sintetiki, yenye JASO MA2, alama ya oili za pikipiki ambazo klachi yake imo ndani ya oili. Je, kumwaga oili na kuweka hiyo kunatosha, au sahani za klachi zikishalowa kemikali hizo lazima zibadilishwe? Naipenda sana pikipiki hii, sitaki ifunguliwe bure.