Hita ya maji lita 80: themostati niiweke ngapi baridi hii ya Mbeya? Luku inakimbia

MamaUyole

Wakuu habari zenu, naomba msaada kwa wanaozijua hizi hita za tenki. Nyumba tunayokaa hapa Uyole ina hita ya lita 80 imefungwa ukutani, elementi (kile chuma cha ndani kinachopasha maji) imeandikwa 1500W, tupo watano na watoto wawili kati yetu bado wadogo. Tangu baridi ianze Luku inakimbia hadi naogopa kuangalia mita, na sisi tupo kwenye bei ya kawaida ile ya kama 356 kwa unit, sio ile ya watumiaji wadogo. Mdogo wangu yupo Uingereza ananiambia huko wanashauriwa washushe joto la boila ndo bili inapungua, basi nataka nishushe themostati yangu, yaani kile kidhibiti joto, hadi nyuzi 45. Mume wangu anasema hapana iachwe 75 ilipo na isizimwe kabisa usiku na mchana, eti kuwasha upya ndo kunakula umeme. Tusaidieni nani yuko sahihi. Halafu lingine, chumba cha watoto usiku kinakuwa cha baridi mno, nikiingiza jiko la mkaa lililokolea nusu saa kabla hawajalala kuna shida?

Fundi_Njombe

Kamwene dada. Naanza na la mwisho maana ndo kubwa: JIKO LA MKAA LISIINGIE CHUMBANI, hata likikolea likawa jekundu bila moshi bado linatoa kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na mtu aliyelala haamki kuikimbia. Kila msimu wa baridi huku kwetu tunazika watu kwa hili na inauma sana kwa sababu linaepukika. Watoto wawekee blanketi zito na ile mipira ya maji ya moto iliyofunikwa kitambaa, uitie kitandani mapema kabla hawajaingia, inatosha kabisa.

Sasa hita. Maji ya bomba ya huku Julai chukulia yanaingia na nyuzi 15 hivi. Kupasha lita 80 kutoka 15 mpaka 60 ni unit 4.2, yaani kama 1,500 ya Luku, na kwa elementi yako ni karibu saa tatu. Mpaka 75 ni unit 5.6. Mpaka 45 ni unit 2.8. Ukiangalia hapo unaona 45 ni nafuu ila subiri, hakuna mtu anaoga maji ya 60, unachanganya na baridi upate kama 40. Tenki la 60 ukilichanganya linakupa lita 144 za kuoga, ndoo saba kubwa. Tenki la 45 linakupa lita 96, hazifiki ndoo tano, kwa hiyo wa mwisho kuoga anakuta ya baridi mnawasha tena. Ndoo moja ya maji ya 40 inataka joto lile lile kokote ulikoweka themostati, umeme unaopotea bure ni ule wa joto linalovuja kwenye tenki likiwa limekaa na moto bila mtu kutumia.

Na hapo ndo nasema shemeji kwenye la kuwasha upya hayuko sahihi, anisamehe. Elementi ikiwaka inakula 1500W tu, haina kishindo cha kuanzia. Tenki likikaa moto saa 24 linavuja unit moja au zaidi kwa siku, na kadiri maji yanavyokuwa moto kuliko hewa ya nje ndivyo linavyovuja zaidi, kwa hiyo 75 usiku wa Uyole ndo hasara yenyewe. Weka 60, washa masaa matatu kabla ya kuoga, zima. Kama mnasahau mwambie fundi umeme awafungie taima ya kubeba mzigo huo, sio hizi za kuchomeka kwenye soketi za bei rahisi zinayeyuka.

45 naikataa pia kwa afya. Kuna bakteria anaitwa lejionela anapenda maji ya vuguvugu kati ya nyuzi 20 na 45, ukimvuta kwenye vitone vidogo vya shawa anashambulia mapafu. Kwenye 60 anakufa. Ila 60 inaunguza ngozi ya mtoto ndani ya sekunde chache, kwa hiyo baridi itangulie kwenye beseni ndo moto ufuate, na mtoto asifungue bomba mwenyewe.

Mnyalu_Leeds

Naongezea kuhusu Uingereza maana huku nipo. Mdogo wako hajakudanganya ila boila anayosema ni chombo kingine. Hizi ni za gesi, zinazungusha maji kwenye radieta za ukutani kupasha vyumba. Boila za kisasa zimetengenezwa ili mvuke wa moshi wake ugeuke maji na kurudisha joto lake, na hilo linafanyika vizuri maji yanayorudi kutoka kwenye radieta yakiwa chini ya kama 55. Wengi wamefungiwa ikiwa 75 au 80 kwa hiyo wakishusha hadi 60 hivi gesi inapungua. Elementi ya umeme haina moshi, hakuna cha kurudisha. Na hata huku mwenye tenki la kuhifadhi maji ya moto anaambiwa liachwe 60, hilo halishushwi.

MamaUyole

Aisee nimeelewa, na la mkaa nimelisikia halitaingia. Sasa hiyo themostati yenyewe iko wapi? Kwa nje naona taa nyekundu tu.

Fundi_Njombe

Nyingi iko ndani ya kifuniko cha chini panapoingia waya, kuna kigurudumu cha kuzungusha kwa bisibisi. Usifungue mwenyewe, kuna umeme wa kuua hapo, aje fundi azime breka ya hita kabisa na aipime kuhakikisha. Akiwa hapo aangalie waya wa athi upo, atoe elementi akwangue ukoko wa chokaa, na ile fimbo ya magneziamu kama imelika abadilishe maana ndo inazuia tenki kutoboka. Valvu ya usalama ikidondosha matone wakati maji yanapata moto ni kawaida, msiizibe kamwe hata kama inachafua ukuta. Mabomba ya moto yanayopita darini yafungwe sponji.

Kihesa_Sola

Iringa hapa, kama nyumba ni yenu fikirieni sola hita ya mirija. Baridi yetu ya Juni na Julai inakuja na anga jeupe, jua linawaka mchana kutwa hata kama upepo unakata, kwa hiyo inapasha vizuri msimu ule ule mnaoteseka. Shida ni masika mawingu yakikaa, hapo ndo unawasha elementi yake ya akiba. Kwa wapangaji ongeeni na mwenye nyumba, bei yake ya kuanzia sio ndogo.

MamaUyole

Nyumba ni ya kupanga. Naanza na 60 na taima, fundi anakuja Jumamosi. Ndaga fijo wote.