Tupeane uzoefu: unauguza ndugu mwenye ugonjwa wa akili na hospitali iko mbali

Mwanzisha uzi
Wakuu habari zenu. Uzi huu ni wa sisi tunaouguza huku mbali. Watu wanadhani kazi ni kumfikisha mgonjwa siku ya kwanza, wakati siku hiyo kila mtu anasaidia, usafiri unapatikana hata usiku. Kazi inaanza akishatulia. Mdogo wangu ana skizofrenia, mvua zikakata barabara, zahanati yetu dawa zake hawana, vidonge vikaisha, na vile alikuwa anaonekana mzima hakuna aliyeona kuna haraka ya kuzitafuta. Baada ya muda akaanza kukesha, mara azibe masikio, mara azime redio ya watu anasema inamtaja. Tukaanza upya kabisa. Nyie mnafanyaje dawa isikatike?

mama_wa_mwisho
Pole sana ndugu. Wangu walimtoa kwenye vidonge wakamweka kwenye sindano, hii ya flufenazini, anachomwa kila wiki nne na dawa inatoka kidogo kidogo mwilini. Uzuri wake nesi wa karibu anaichoma, kwa daktari tunaenda mara mojamoja. Ila ulizeni mapema kuhusu kukakamaa!! Mwanzoni shingo ilimpinda upande, taya likakaza, macho yamegeukia juu, ni usiku na gari hakuna, tukajua ndo anakata roho. Kumbe ni dawa tu, akapewa benzeksoli akalegea. Hakuna aliyetuambia kabla.

nesi_wa_zamu
Mimi niko upande wa pili wa meza. Mtu mmoja huyohuyo apime wajawazito, achanje watoto, halafu akae amsikilize mwenye sonona (huzuni nzito isiyoisha), foleni iko mlangoni. WHO walianzisha mpango unaitwa mhGAP 2008 ili sisi tusio wataalamu wa akili tuweze kutibu sonona, kifafa, saikosisi (mtu kusikia au kuamini visivyokuwepo) na kadhalika, na mafunzo yake yanasaidia kweli, mtu analalamika kichwa na tumbo miezi, ukimuuliza tu usingizi ukoje machozi yanamtoka. Lakini stoo ikiwa tupu hayo mafunzo utamnywesha mgonjwa?

kimyakimya
Mnasahau aibu. Mimi nilipata sonona baada ya kujifungua, kliniki ya akili ilikuwa na siku yake na benchi lake, ukikaa pale tu hadi jioni wote wanajua. Zimbabwe wana Friendship Bench, yaani benchi la urafiki, ya Dk Dixon Chibanda, bibi wanafundishwa kusikiliza watu, utafiti wa 2016 ulionyesha dalili zinapungua. Safi sana, ila kwetu huyo bibi angekuwa shangazi wa mume wangu 😅. Mimi kilichonifaa ni kuongea na mtaalamu kwa simu, nilikuwa napanda kilimani kwa ajili ya mtandao na ndo sehemu pekee hakuna anayenisikia.

Mwanzisha uzi
Nesi, hiyo sindano naiombaje?

nesi_wa_zamu
Mwambie daktari ukweli kwamba barabara hufungwa, aamue kama inamfaa. Kwa sasa usimkatishie vidonge. Na akiandika kwenye daftari asiandike "dawa ya akili", aandike jina, dozi na tarehe ya mwisho kuchomwa, maana wengine wanakuja na daftari la hivyo, aliyeandika hapatikani kwa simu, na mimi siwezi kuchoma kwa kubahatisha.