Lewiston (Maine) au Fort Morgan (Colorado): wapi panafaa familia isiyo na gari?

MamaWatatu: Habarini wakuu. Tuko Texas kama wakimbizi, watu wazima wawili na watoto watatu, mdogo ana mwaka 1. Gari hatuna. Bibi yao yuko Bukavu, tunataka kuongea naye hata siku za kazi. Naombeni ushauri wa nyumba, joto na saa. Mandhari baadaye.

Kijiko_cha_Mwiko: Dada, anza na gari. Lewiston ina watu kama 37,000 (sensa ya 2020), Auburn iko ng'ambo tu ya mto Androscoggin, na mabasi ya mjini yapo. Wasomali walianza kuhamia hapo 2001, Wakongo wakafuata, kwa hiyo Kiswahili hukikosi. Fort Morgan ni watu 11,600 hivi, na kazi kubwa ni kiwanda cha nyama ya ng'ombe cha Cargill. Denver ni kilomita 130 kwa barabara ya I-76. Treni inasimama Fort Morgan mara moja kwa siku kila upande. Hiyo ni ya safari, si ya kwendea kazini.

Bomba_Baridi: Kwenye nyumba, swali la kwanza kwa mwenye nyumba: joto limo ndani ya kodi? Maine nyumba nyingi hutumia mafuta, tangi la kawaida ni galoni 275. Agiza likibaki robo. Likikauka kabisa, hewa inaingia kwenye bomba na tope la chini linaziba chujio. Hata ukijaza, moto hauwaki mpaka fundi aje kutoa hewa, na ada yake ni juu ya kodi. Fort Morgan umeme, gesi na maji vyote ni vya manispaa, hakuna tangi la kuchungulia.

La pili, na kwa mtoto wa mwaka 1 ndilo zito: maghorofa mengi ya katikati ya Lewiston ni ya zamani. Nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 huenda ina rangi yenye risasi (madini ya sumu), na sheria inamtaka mwenye nyumba akueleze anachojua kabla hujasaini. Angalia fremu za madirisha: dirisha likipanda na kushuka rangi inasagika, vumbi linashuka sakafuni anapotambaa mtoto. Futa kwa kitambaa kibichi, usifagie. Maine watoto hupimwa damu wakiwa na mwaka 1 na tena miaka 2. Usikwepe kipimo hicho.

Saa_Sita: Saa sasa. Majira ya baridi Bukavu iko mbele ya Lewiston kwa saa 7, mbele ya Fort Morgan kwa saa 9. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba zinakuwa 6 na 8, kwa sababu Marekani inasogeza saa na Bukavu haisogezi.

Tuchukue majira ya baridi: ukitoka kazini saa 9 alasiri Lewiston, kwa bibi ni saa 4 usiku, bado unampata. Ukitoka saa hiyohiyo Fort Morgan, kwake ni saa 6 usiku, kashalala. Ila zamu ya jioni inageuza mambo: asubuhi uko nyumbani, na saa 2 asubuhi Fort Morgan ni saa 11 jioni Bukavu. Na ratiba ya kiwandani ikiandika 2:00 PM, hiyo ni saa 8 mchana. Wageni hukosa zamu ya kwanza hapo.

MamaWatatu: Asanteni sana. Na makaratasi?

Kijiko_cha_Mwiko: Ndani ya siku 10 baada ya kuhama, peleka fomu AR-11 (ya kubadilisha anwani) kwa Uhamiaji. Mkishatimiza mwaka 1 nchini mnaomba makazi ya kudumu, na barua zikienda anwani ya zamani mtakosa miadi ya alama za vidole. Kuwaambia posta peke yake hakutoshi. Kama ni mimi kuamua: bila gari, Lewiston, lakini msisaini nyumba ambayo hamjayaona madirisha yake.