Nimelipa dola 2,400 kutengenezewa ukuta wa karavani, wamebandika plaiwudi mpya juu ya uozo

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka kwa hasira.

Niko Minnesota. Mwaka juzi mimi na mke wangu tulinunua karavani ya mtumba, ile ya kuvutwa na pikapu, tuwe tunatoka na watoto kipindi cha joto, maana hoteli kwa watu sita hatuziwezi. Septemba nikaona ukuta wa upande wa kitanda umeweka doa la kahawia na karatasi yake imevimba. Nikaipeleka kwa mafundi. Wakaniambia watafumua, watakausha, watabadilisha mbao zilizooza, wataziba paa. Nikalipa yote, sikuomba hata punguzo.

Juzi theluji imeyeyuka, nafungua mlango, harufu ikanipokea kama ya nguo mbichi zilizosahaulika kwenye ndoo. Nikaubonyeza ule ukuta mpya kwa kidole gumba. Ukabonyea. Nikachukua bisibisi, nikaubandua.

Jamani! Ukuta wa zamani uko palepale, mweusi kwa kuvu, na juu yake wamepiga stepla plaiwudi ya milimita tatu. Funika kombe mwanaharamu apite! Sufi ya kuzuia baridi ukiikamua inatoa maji. Mbao ya fremu pale kwenye kona nimeichoma na bisibisi, imeingia kama kwenye muhogo ulioiva. Kipimo cha unyevu kikasoma asilimia 28, wakati mbao ikizidi 20 tu tayari kuvu la kuozesha lina pa kuishi. Hawa hawakupima wala hawakukausha chochote.

Nikapanda juu. Paa hizi ni za mpira, na kwenye kingo na matundu ya hewa huwekwa gundi yake maalumu ya kuzibia. Wao wamepaka silikoni ya bafuni! Silikoni haishiki vizuri kwenye mpira ule, nimeinyanyua kwa ukucha ikatoka utepe mzima. Na ubaya wake, hata ukija na gundi sahihi haishiki juu ya silikoni mpaka uikwangue yote. Maji yameingia hapo, baridi ikaja yakaganda, yakatanuka, nyufa zikazidi kufunguka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nimejengewa ukuta, ufa wameuacha!

Nimewapigia simu. Jibu lao: "Huo ni unyevu wa kawaida wa majira ya baridi." Unyevu wa kawaida unaozesha fremu?

Kinachoniuma kuliko hela ni mwanangu wa mwisho. Ana pumu, na kitanda kile ni chake. Oktoba tulienda ziwani, akalala siku tatu kichwa kikiwa ukutani, akakohoa usiku kucha, sisi tukasema ni baridi. Nikikumbuka nashindwa kula.

Sasa nimefumua mwenyewe mpaka bati la nje. Feni na mashine ya kukausha hewa zinaunguruma siku ya tano leo, kipimo kimeshuka hadi 19. Sifungi kitu mpaka kiwe chini ya 15, na paa naanza nalo kabla ya ukuta. Picha nimepiga kila hatua, na risiti yenye neno "kubadilisha fremu" ninayo.

Nataka kuwapeleka mahakama ya madai madogo. Mliowahi kufungua kesi hizi hapa Minnesota, picha na risiti zilitosha, au nimlipe fundi mwingine aje akague aandike ripoti kabla sijazitupa hizi mbao?