Mjadala: Nani aruhusiwe kudunga fila usoni hapa Nairobi, daktari peke yake au hata mtu wa saluni?

Wa Lang'ata (mwanzishaji)

Wadau, Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki baada ya upasuaji wa urembo hapa jijini, na baraza la madaktari, KMPDC, likaifunga kliniki. Tangu hapo nasikia watu wakisema kila urembo wenye sindano urudishwe kwa madaktari, basi. Jirani yangu mwenye saluni anasema huo ni uonevu, kwamba wenye pesa wa Kilimani wataendelea kupendeza na wa Umoja waambiwe wazeeke kwa heshima. Mimi naona pande zote mbili zinapiga kando ya shabaha.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini, maana wengi huchanganya fila na Botox. Botox hulegeza misuli ili ngozi isijikunje. Fila haina habari na misuli. Ni jeli inayodungwa chini ya ngozi kujaza palipobonyea, kama mashavu na mikunjo ya kando ya pua, au kunenepesha midomo. Nyingi za siku hizi ni asidi ya hayaluroniki, kitu ambacho mwili unacho tayari kwenye ngozi na kwenye viungo, kazi yake kushika maji. Ile ya asili mwili huivunja upesi. Ya kiwandani imeunganishwa kwa kemikali ili ikawie, ndiyo maana inakaa miezi sita hadi mwaka na nusu hivi, kutegemea aina na mahali ilipowekwa. Marekani iliidhinisha ya kwanza ya jamii hiyo, Restylane, mwaka 2003. Kabla yake walikuwa wakidunga kolajeni ya ng'ombe, tena baada ya kupimwa mzio. Bomba la sindano la kawaida lina mililita moja, yaani sehemu ya tano ya kijiko cha chai.

Sasa msimamo wangu. Mnabishana kuhusu cheti kilichotundikwa ukutani. Mimi nauliza: jeli ikienda mahali pabaya, aliyekudunga anaweza kuiondoa? Fila ya hayaluroniki ina kimeng'enya cha kuiyeyusha, hayaluronidezi. Asiyekuwa nacho chumbani, na asiyejua kukitumia saa hiyo hiyo, asiguse uso wa mtu, awe msusi au profesa. Na kwa kuwa chenyewe huleta mzio mkali kwa watu wachache, lazima pawe na adrenalini na mtu anayeijua. Mkinipinga, nipingeni hapo.

Mwenye Saluni, Umoja

Jirani anayesemwa ni mimi, kwa hiyo nijitetee. Nimetoboa masikio ya watoto wa mtaa mzima na hakuna daktari aliyekuja kuniuliza. Mkinifungia mlango, mteja wangu hatapanda matatu kwenda kulipa pesa za kliniki. Ataagiza bomba mtandaoni, alipe kwa M-Pesa, ajidunge mwenyewe mbele ya kioo huku video inacheza. Hilo ndilo mnalotaka? Nipeni mafunzo, nipeni leseni, njooni mnikague. Uingereza kuna watu wasio madaktari wanaodunga na nchi haijaanguka.

Mzee wa Buruburu

Karo haijalipwa, unga haushikiki, na hapa tunajadili midomo. Uso ni ule aliokupa Mungu.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Mama wa saluni, sikio na uso havilingani. Mishipa ya damu iliyo kati ya nyusi, kwenye pua na paji la uso imeungana na ile inayolisha jicho. Jeli ikiingia ndani ya ateri na ikasukumwa kwa nguvu, inaweza kurudi nyuma mpaka huko. Mtu anaingia akiona, anatoka haoni, na mara nyingi kuona hakurudi. Ni nadra, sitaki kumtisha mtu bure. Kinachotokea mara nyingi zaidi ni mshipa kuzibwa na ngozi kukosa damu. Isiposhughulikiwa haraka, kipande hicho cha ngozi kinakufa.

Hapa nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu mafunzo mengi yameandikwa kwa kuangalia ngozi nyeupe. Wanasema dalili ya kwanza ni ngozi kupauka. Kwenye uso mweusi mpauko huo unaweza kukupita hivi hivi. Lazima ubonyeze ngozi kwa kidole, uachie, uangalie damu inachukua muda gani kurudi, kisha ulinganishe na upande wa pili. Funua mdomo utazame ufizi na midomo kwa ndani, maana rangi inajionyesha zaidi huko. Angalia madoa yanayojichora kama wavu. Sikiliza maumivu, lakini usiyategemee, kwa sababu jeli nyingi huchanganywa na ganzi na mteja anaweza kukuambia yuko sawa wakati mshipa umeshaziba. Nani anajifunza hayo kwa kozi ya wikendi moja?

Tena kwetu kuna keloidi. Mtu ambaye sindano au kidonda kidogo humwachia kovu lililovimba, aulizwe kabla hata ya kulala kitandani.

Wakili wa Mtaani

Huo mfano wa Uingereza unamgeuka aliyeuleta. Baada ya kashfa ya matiti bandia ya silikoni ya kampuni ya PIP, serikali yao ilimpa Sir Bruce Keogh kazi ya kuangalia sekta nzima ya urembo. Ripoti yake ya 2013 ilisema mtu anayefanyiwa urembo usio wa kisu analindwa kiasi kile kile cha mtu anayenunua kalamu au mswaki. Tangu Oktoba 2021, kumdunga fila ya urembo mtoto wa chini ya miaka 18 huko England ni kosa la jinai. Marekani nako fila zimeidhinishwa kwa waliotimiza miaka 22 kwenda juu. Hapa nimeona mabango ya "midomo ya Form Four leavers". Nimecheka, halafu nikanyamaza.

Kwa upande wetu, leseni ya biashara ya kaunti haimpi mwenye saluni ruhusa ya kutibu. Madaktari na vituo viko chini ya KMPDC, na mwananchi anaweza kuangalia kwenye tovuti yao kama jina aliloambiwa lina leseni. Dawa na vifaa tiba viko chini ya Bodi ya Dawa na Sumu. Sheria haijakosekana. Ila niambieni, mtu akidungwa chumba cha hoteli Jumapili alasiri, mkaguzi atamjuaje?

Nimekaa Kimya Vya Kutosha

Mzee wa Buruburu, uso alionipa Mungu ulichukuliwa na dawa. Nilianza ARV enzi za ile dawa ya zamani, stavudini. Iliniokoa, sitaitukana. Lakini iliyeyusha mafuta ya mashavu hadi mifupa ikachomoza, na wakati ule mtaani kila mtu alijua kuusoma uso wa namna hiyo. Hukuhitaji kumwambia mtu hali yako, kondakta alishaijua kabla hujalipa nauli. WHO ilizitaka nchi ziachane nayo mwaka 2009, nikabadilishiwa dawa. Mashavu hayakurudi. Baadaye nikasoma kwamba fila iitwayo Sculptra iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa ajili ya nyuso za watu wenye virusi, siyo kwa ajili ya urembo. Hapa hakuna aliyewahi kunitajia kitu kama hicho. Kwetu fila ilifika ikiwa imevaa lipstiki.

Na wewe wa Lang'ata, kipimo chako kinaniacha nje. Sculptra si hayaluroniki. Hayaluronidezi haiiyeyushi. Kwa hiyo mimi nisidungwe?

Wa Lang'ata (mwanzishaji)

Udungwe, tena ungestahili kuwa wa kwanza kwenye foleni. Kisichoyeyuka ndicho kinachohitaji mkono wa bingwa wa ngozi au wa upasuaji wa kurekebisha, kwa kuwa akikosea hakuna pa kurudia. Zipo pia zenye chembe za plastiki zisizotoka kabisa, na ile silikoni ya maji ambayo FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, imekuwa ikionya isidungwe kwa kunenepesha uso au mwili. Hiyo isiguswe na yeyote. Zinazoyeyuka nazo si lazima ziwe za daktari tu. Muuguzi au afisa wa kliniki aliyefunzwa, chini ya uangalizi na ndani ya kituo kilichosajiliwa, mimi namkubali. Hapo bei nayo inaweza kushuka kidogo.

Binti wa Rongai

Naomba kuuliza bila kutukanwa. Tulikuwa wanne kwenye chama, tukachanga tukanunua mabomba mawili. Dada alikuja nyumbani. Maboksi yalikuwa na maandishi tusiyoyajua, akayaweka juu ya friji karibu na mkate. Alinidunga mimi mdomo wa juu, akachomoa sindano akaweka mpya, akaendelea na mwenzangu kwa bomba lile lile. Alisema sindano mpya inatosha. Inatosha?

Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Haitoshi. Damu kidogo inaweza kurudi ndani ya bomba lenyewe, hata kwa kiasi usichokiona. Bomba moja ni la mtu mmoja. Kama hazijapita saa 72, nendeni leo kituo chochote kinachotoa PEP mseme ukweli wote, mtaanzishiwa dawa za kuzuia virusi. Kama zimepita, pimeni VVU na homa ya ini aina ya B na C, na mrudie vipimo kwa tarehe mtakayopewa. Ukiona uvimbe mgumu, joto au usaha, usikande na usirudi kwa huyo dada. Piga picha ya boksi, daktari atataka kujua ni jeli gani.

Mwenye Saluni, Umoja

Huyo dada aliyewadunga Rongai amenikera, maana ndiye anayetuharibia jina. Sijakubali yote yaliyosemwa hapa. Lakini huyo muuguzi mnayemkubali akipata kibali, aje akodishe chumba changu cha nyuma Jumamosi. Wateja ninao.

Wakili wa Mtaani

Chumba cha saluni si kituo cha afya. Lazima kikaguliwe na kisajiliwe, kiwe na maji, friji ya dawa, utaratibu wa taka za sindano, na daktari anayeweka jina lake.

Mwenye Saluni, Umoja

Maji yapo. Hayo mengine niandikie orodha.