Mwanangu ana mtindio wa ubongo, mwalimu wa maandalizi anasema nisubiri mpaka atembee. Nifanyeje?

mama_wa_wete:
Asalaam alaykum jamani. Nna kijana wangu wa miaka minne ana mtindio wa ubongo, kukaa anakaa kidogo kisha anaangukia ubavuni, kutembea bado, maneno yanatoka kwa shida lakini kuelewa anaelewa kila kitu. Chuoni kwa kusoma Qur'ani anakwenda, wenzake wanamuegemeza na Alhamdu anafuatisha kwa namna yake na maalim hajalalamika hata siku moja. Sasa nimekwenda kumuandikisha maandalizi, yaani madarasa ya kabla ya msingi, mwalimu kanambia nisubiri mpaka atembee au nimtafutie skuli ya walemavu Unguja. Mie niko Pemba, Unguja nna nani? Na atatembea lini, daktari mwenyewe hajanambia kama atatembea. Je, anaweza kunirejesha hivi? Na akikubali nimwambie afanye nini darasani, maana naona na yeye anaogopa.

mkoani_binti:
Waalaykum salaam dada. Hawezi. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 imeyatia maandalizi miaka miwili ndani ya elimu ya lazima, haikusema kwa wanaotembea tu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu nao Tanzania imeuridhia 2009, kifungu cha 24 ndo cha elimu. Wizara ya elimu ina kitengo kizima cha elimu mjumuisho, yaani watoto wenye ulemavu kusoma pamoja na wenzao. Usende kugombana lakini, nenda kwa mwalimu mkuu na cheti cha kuzaliwa, ikishindikana ofisi ya elimu ya wilaya, na sheha ajue. UWZ (Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar) pia waulize, wapo tangu 1985.

mwl_maandalizi:
Dada mie nasomesha maandalizi, nataka nikwambie kinachomtisha huyo mwalimu. Hana neno na mwanao. Anaogopa ataanguka apasuke kichwa, atapaliwa na uji, atataka choo wakati wenzake wote wanapiga kelele na mwalimu ni yeye peke yake. Hofu hizo ni za kweli na ukimsomea sheria tu zitabaki palepale. Kwa hiyo mfuate na majibu. Mwambie mwanao anakula vipi, akae wima, kijiko kidogo kidogo, ameze kwanza ndo upeleke chengine. Mwambie akitaka choo anaonesha vipi, kama ni kuguna au kuangalia mlango, hilo ndo la mwanzo kabisa. Wiki za mwanzo kaa nae au bibi yake akae, halafu punguzeni mkiwa mnaona amezoea, usijifanye ndo msaidizi wa darasa mwaka mzima maana wenzake watakuwa wanazungumza na weye badala ya yeye. Na mwalimu ampe muda wa kujibu!! Akiuliza hii rangi gani ahesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla hajapita kwa mwengine, mtoto wa mtindio mara nyingi jibu analo ila mwili unachelewa kulitoa. Maneno yakigoma aweke vitu viwili mbele yake aangalie kimoja, kuangalia nako ni kujibu. Tena maandalizi sisi tunasomesha kwa kucheza na kuimba, wengi wanakaa jamvini, hakuna darasa jepesi kumuingiza kuliko hili. Akisubiri mpaka miaka saba atawakuta wenzake washaandika na washazoeana.

fundi_wa_konde:
Kiti cha kona dada. Mbao mbili zinakutana kama pembe ya ukuta, urefu mpaka mabegani, anakaa chini miguu mbele, mabega yanakuja mbele yenyewe na mikono inakuwa huru. Kitambaa cha kumfunga kipite nyongani, kisipite tumboni. Kimeza kifike usawa wa viwiko. Atakuwa chini jamvini sawa na wenzake. Muoneshe kwanza mtu wa mazoezi ya viungo hospitali akupe vipimo, na asikae humo asubuhi nzima, abadilishwe. Penseli izungushie kipande cha lapa kuukuu iwe nene.

baba_z:
Naongeza kidogo kwa wengine watakaosoma. Wangu ni kiziwi, kwake kuwekwa tu na wenzake haikutosha, alikuwa anakaa kimya hajui kinachoendelea. Yeye anahitaji lugha ya alama na watoto wengine wanaoitumia, mapema, kabla hata ya herufi. Kwa hiyo kila mtoto aangaliwe anakosa nini, msichukue ya mmoja mkawapa wote. CHAVIZA, chama cha viziwi Zanzibar, waulizeni.

mama_wa_wete:
Mwenyezi Mungu awalipeni. Choo anaonesha kwa kuvuta kanga yangu, sikuwahi kufikiri kumwambia mwalimu hilo. Jumatatu nakwenda na baba yake. @fundi_wa_konde mbao za mwembe zinafaa? Nnazo nyumbani.

fundi_wa_konde:
Zinafaa zikiwa kavu, piga msasa vizuri asichomwe na vijiti. Nipe vipimo nitakukatia.