Utafiti wa uzamivu kuhusu bakteria wa utumbo na maumivu ya tumbo: nianze na swali lipi?

Mwanafunzi wa Uzamivu

Ndugu zangu, ninaandaa andiko la utafiti wa uzamivu kuhusu bakteria wa utumbo na maumivu ya viungo vya ndani, hasa kwa wagonjwa wanaoumwa tumbo kwa miaka mingi na choo chao kubadilika-badilika, ingawa vipimo havionyeshi kidonda wala uvimbe. Nimepanga kukusanya kinyesi cha wagonjwa na cha watu wenye afya, nisome jeni za bakteria, kisha nitafute tofauti. Msimamizi wangu anasema hilo halitoshi. Kasoro iko wapi?

Mwanafiziolojia

Msimamizi wako ana hoja. Orodha ya bakteria waliozidi na waliopungua haikuambii kama hao ndio wanaoleta maumivu, au kama maumivu, dawa na mlo ambao mgonjwa ameubadilisha kwa kuogopa kuumwa ndivyo vilivyowabadilisha bakteria. Uzamivu unahitaji kufuata njia nzima: bakteria yupi, anatoa kemikali gani, na kemikali hiyo inaufikiaje mshipa wa fahamu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 unaonyesha jinsi jambo hili linavyofanywa vizuri. Panya waliolelewa bila vijidudu vyovyote walipandikizwa kinyesi cha wagonjwa, na waliopokea kutoka kwa wagonjwa wenye histamini nyingi (kemikali ambayo mwili na baadhi ya bakteria huitengeneza) kwenye mkojo ndio waliopata usikivu mkali wa maumivu utumboni, ilhali waliopokea kutoka kwa wagonjwa wenye histamini kidogo hawakuupata. Bakteria aliyetajwa kuwa mtengenezaji mkuu wa histamini hiyo ni Klebsiella aerogenes, na kipokezi cha H4 (sehemu ya seli inayoipokea histamini) kilipozuiwa, usikivu ule ulipungua. Hapo kuna bakteria, kemikali, kipokezi na maumivu, na kila hatua imejaribiwa.

Mfanyakazi wa Maabara ya Wanyama

Naongeza tahadhari kwa atakayetumia panya. Panya hula kinyesi cha wenzao, kwa hiyo wanaokaa tundu moja hubadilishana bakteria hadi wakafanana. Ukiweka panya wote wa tiba katika tundu moja na wa ulinganisho katika jingine, tofauti utakayoipata huenda ni ya matundu tu. Kitu cha kuhesabu katika takwimu ni tundu, wala si panya mmoja mmoja. Jambo hili naliona likipuuzwa hata na watu makini, nalo huharibu kazi nzima.

Pili, taja ni maumivu ya aina gani. Mwaka 2008 ilionekana kwamba panya wasio na vijidudu huhisi kidogo maumivu yatokanayo na uvimbe, lakini mwaka 2017 panya wa namna hiyo walionekana kuhisi zaidi utumbo mpana unapotanuliwa kwa puto, na hali ikarudi kuwa ya kawaida walipopewa bakteria. Matokeo haya hayapingani, kwa kuwa maumivu yenyewe ni tofauti.

Mwanafunzi wa Uzamivu

Nashukuru sana. Sitakuwa na panya wasio na vijidudu. Je, kwa wagonjwa peke yao inawezekana?

Daktari wa Magonjwa ya Tumbo

Inawezekana, mradi usiwachukue wagonjwa wote kama kundi moja. Wagawe kwa kiwango cha maumivu yanayorekodiwa kila siku, wala usitegemee jina la ugonjwa peke yake. Chukua kinyesi na mkojo kwa mgonjwa yuleyule wakati wa nafuu na wakati wa maumivu makali, ili alinganishwe na nafsi yake. Andika ulaini au ugumu wa choo kila unapochukua sampuli, kwa sababu kasi ya chakula kupita utumboni hubadilisha sana bakteria, na usipoirekebisha katika hesabu utadhani umepata bakteria wa maumivu kumbe umepata bakteria wa kuharisha. Waliotumia antibiotiki karibuni wachambue peke yao. Kisha pima kemikali moja au mbili ulizozichagua tangu mwanzo, kwa mfano histamini, na uziandike katika nadharia tete kabla hujakusanya sampuli ya kwanza.